Kwa Nini Mkweche wa Jana Una Bei ya Nyumba Leo?

Swali hili halikosi kuulizwa popote wanapokutana wapenzi wa magari ya zamani ya Kimarekani. Mtu anaona Plymouth ya mwaka 1970 ikinadiwa kwa bei ya nyumba, kisha anakumbuka, au anasimuliwa na wakubwa zake, kwamba mwaka 1978 gari kama hilo lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha mafuta na karatasi ya "linauzwa" kwenye kioo, na kijana aliyedunduliza mshahara wa miezi michache aliondoka nalo. Spea zake zilijaa tele kwenye yadi za magari mabovu. Imekuwaje basi? Nani aliyaondoa magari haya, yaitwayo magari ya misuli, mikononi mwa watu wa kipato cha kawaida?

Majibu ya haraka ni mengi: mfumuko wa bei, walanguzi, minada ya kwenye televisheni, serikali. Kila moja lina ukweli wake, na nitayapitia yote. Lakini jibu ninalolitetea katika sura hii ni lingine, na halimezeki kwa urahisi: unafuu wa zama zile ndio uliozaa ughali wa leo. Magari yalikuwa ya bei ya kutupa kwa sababu hayakuwa na mtu wa kuyataka, na kwa kuwa yalikuwa ya bei ya kutupa, yakatupwa kweli.

Magari ya misuli ni yapi?

Jina hili hupewa magari ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, aghalabu ya milango miwili na ukubwa wa kati, yaliyotiwa injini kubwa ya V8, yaani injini ya silinda nane zilizopangwa nne nne kwa umbo la herufi V. Lengo lilikuwa mbio za kasi kwa bei ambayo kijana mwenye ajira angeweza kuimudu kwa mkopo. Wengi huanzia hesabu kwenye Pontiac GTO ya 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kanuni kwamba gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi 330 za ujazo, kama lita 5.4. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakapata mlango wa nyuma: badala ya kutangaza gari jipya, waliiweka injini ya lita 6.4 kama nyongeza ya hiari kwenye gari lao la Tempest, kwa takriban dola 300. Walitarajia kuuza 5,000. Mwaka wa kwanza yaliondoka zaidi ya 32,000.

Baada ya hapo kila kampuni ikaingia uwanjani. Ford tayari ilikuwa imezindua Mustang Aprili 1964 kwa bei ya kuanzia dola 2,368, na katika misimu miwili ya mwanzo iliuza zaidi ya milioni 1.2. Chrysler, yenye chapa za Plymouth na Dodge, ilileta injini ya Hemi ya lita 7, iliyoitwa hivyo kwa sababu vyumba vyake vya kuchomea mafuta vina umbo la nusu tufe. Chevrolet, chapa nyingine ya General Motors, ilifika kileleni mwaka 1970 na Chevelle ya lita 7.4 iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 450.

Bei ya dukani haikuwa ndogo kama inavyokumbukwa

Tuanze na jibu la mfumuko wa bei, maana ndilo hutolewa kwanza. Mwaka 1968 Plymouth ilitoa Road Runner kwa dola 2,896. Gari hili lilibuniwa makusudi liwe la bei nafuu: ndani halikuwa na zulia, kiti cha mbele kilikuwa benchi la kawaida, na fedha yote ikaelekezwa kwenye injini ya lita 6.3. Kampuni ililipa studio ya Warner Bros dola 50,000 ili itumie jina na picha ya ndege wa katuni, na honi ikatengenezwa ilie kama yeye. Vijana wakalipenda, na mwaka ule yaliuzwa karibu 45,000.

Dola 2,896 zinasikika kama fedha ya mchezo, lakini zipime kwa mfuko wa wakati ule. Familia ya katikati kabisa ya Marekani, yaani ile ambayo nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini yake, ilipata takriban dola 8,600 kwa mwaka mzima wa 1968. Road Runner ilikuwa theluthi ya kipato hicho. Kijana aliyelipwa kima cha chini cha sheria, dola 1.60 kwa saa, alihitaji saa 1,810 za kazi, karibu mwaka mzima, bila kula wala kulipa kodi ya chumba. Ukibadilisha fedha hiyo kuwa ya 2024, unapata kama dola 26,000. Ni bei ya gari jipya dogo la kawaida.

Kwa hiyo hoja ya mfumuko inatufikisha nusu ya njia. Inaonyesha kwamba gari jipya la misuli halikuwahi kuwa la bure. Haielezi kwa nini Road Runner safi leo huuzwa mara nyingi juu ya kiwango hicho hata baada ya kufuta mfumuko, ilhali ni gari lenye zaidi ya nusu karne, lenye breki dhaifu na lisilo na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva. Na zaidi ya yote, haielezi kumbukumbu yenyewe. Watu wanaohuzunikia enzi ya unafuu wanakumbuka gari lililotumika, kati ya mwaka 1974 na katikati ya miaka ya 1980. Huko ndiko tunakopaswa kuchimba.

*Kwa ufupi: gari jipya la misuli lilikuwa la bei ya wastani. Unafuu unaokumbukwa ni wa gari lililotumika, na ulikuja baadaye.*

Bonde la bei

Gari lolote hupoteza thamani tangu siku linapotoka dukani. Mnunuzi wa Dar es Salaam au Nairobi analijua hili vizuri, kwani Toyota anayoiagiza kutoka Japani anaimudu kwa sababu Mjapani wa kwanza alishabeba hasara ya miaka yake ya mwanzo. Kwa kawaida thamani hushuka hadi gari liishie kwenye chuma chakavu. Magari machache sana hufika chini, hukaa huko kwa miaka kadhaa, kisha huanza kupanda tena kama kumbukumbu. Kipindi hicho cha chini nakiita bonde la bei. Magari ya misuli yaliingia bondeni mapema na kwa kishindo, na sababu zake zinajulikana.

Ya kwanza ilikuwa bima. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 makampuni ya bima yalianza kulinganisha nguvu ya injini na uzito wa gari, na kijana aliye chini ya miaka 25 akatozwa nyongeza kubwa kiasi kwamba wengine walilipa bima iliyoshindana na mkopo wa gari lenyewe. Ya pili ilikuwa Sheria ya Hewa Safi ya 1970. Ili kupunguza moshi wenye sumu na kujiandaa kwa petroli isiyo na madini ya risasi, watengenezaji walipunguza mgandamizo ndani ya injini, na nguvu ikashuka. Chevrolet Corvette ya kawaida ya 1975 ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 165. Sehemu ya anguko hilo ilitokana na kubadilishwa kwa namna ya kupima mwaka 1972, lakini sehemu iliyobaki ilikuwa ya kweli, na dereva aliihisi mguuni.

Kisha ikaja Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipositisha kuiuzia Marekani mafuta. Foleni zikazunguka vituo vya petroli, na Januari 1974 sheria mpya ikaweka kikomo cha kasi cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, nchi nzima. Injini ya lita 7 ikageuka mzigo. Mwaka huohuo wa 1974 ndio uliokuwa wa mwisho kwa GTO ya asili, kwa Plymouth Barracuda na kwa Dodge Challenger, na Mustang ikawa gari dogo ambalo hata kwa hiari hukuweza kulipata na V8. Aliyekuwa na gari la misuli uani kwake alitafuta mtu wa kumtwisha.

Hata kabla ya msukosuko huo, baadhi ya magari yanayosakwa leo kwa tochi hayakuwa na soko. Chevrolet Camaro ZL1 ya 1969, yenye injini ya lita 7 ya alumini, ilizidi dola 7,000. Yalitengenezwa 69 tu, na mengine yalikaa kwa wauzaji hadi yakarudishwa kiwandani au yakabadilishwa injini. Plymouth Superbird ya 1970, yenye bawa refu la nyuma na pua iliyochongoka, ilitengenezwa kama 1,900 ili Plymouth iruhusiwe kushindana kwenye mbio za NASCAR. Wapo wauzaji walioling'oa bawa na pua wakairudishia sura ya Road Runner, mradi tu iondoke uwanjani. Nalitaja hili kwa sababu masimulizi mengi hujengwa kana kwamba watu wa zama zile walikaa juu ya hazina wakijua ni hazina. Hawakujua, na hawakuwa wajinga. Gari lililokuwa mbele yao lilikuwa bovu kwa mahitaji yao ya siku ile.

Unafuu uliokula magari

Kitu cha bei ndogo hakitunzwi, na hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Fundi anayedai dola 400 kutengeneza chesisi iliyoliwa na kutu hapati kazi kwa mwenye gari la dola 500. Katika majimbo ya kaskazini kama Michigan na Ohio, barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula mabati kwa chini. Magari mengi ya Chrysler na Ford ya aina hii hayakuwa na fremu ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba kila kitu, hivyo kutu ilipofika kwenye mihimili, gari lilikwisha. Kwa bei ya wakati ule hakuna aliyekuwa na sababu ya kulifufua.

Yale yaliyoepuka kutu yalikutana na wenye nayo. Injini za Hemi ziling'olewa zikafungwa kwenye magari ya mashindano. Injini kubwa za Chevrolet zilihamishiwa kwenye pikapu na boti. Matao ya nyuma yalikatwa kwa msumeno ili tairi pana ziingie. Mengi yaliishia kwenye nguzo za umeme, kwa kuwa nguvu nyingi, breki za ngoma na dereva wa miaka kumi na tisa ni mchanganyiko wa hatari, na vijana walikufa humo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uliingia sebuleni mwa watu kila wiki. Tamthilia ya televisheni *The Dukes of Hazzard*, iliyorushwa kuanzia 1979 hadi 1985, ilitumia Dodge Charger za 1968 hadi 1970, nazo zilirushwa juu ya mito na magari mengine karibu kila sehemu. Hesabu za chini kabisa hutaja zaidi ya Charger 200 zilizoharibiwa. Ilifanyika hivyo kwa sababu Charger iliyotumika ilikuwa rahisi kuliko karibu kila njia nyingine ya kupata picha ile. Kufikia msimu wa mwisho watayarishaji walikuwa wameanza kurusha vigari vidogo vya mfano. Na wakati zinavunjwa, ilikuwa tamthilia hiyohiyo iliyowafundisha mamilioni ya watoto kuitamani Charger watakapokuwa watu wazima.

Linganisha na Mustang ya kijani iliyoendeshwa kwenye filamu ya *Bullitt* ya 1968. Familia moja iliinunua mwaka 1974 kwa dola 6,000, fedha nyingi kwa Mustang ya miaka sita, na bado ikaitumia kama gari la kila siku. Mama wa nyumba hiyo aliiendesha kwenda kufundisha shuleni hadi klachi ilipokufa mwaka 1980. Ikawekwa. Januari 2020 iligongewa nyundo kwa dola milioni 3.4. Ilinusurika kwa sababu ilikuwa na hadithi iliyoifanya familia isite kuiuza. Mustang nyingine hazikuwa na hadithi.

Spea: kilichopotea na kilichopatikana

Malalamiko makali zaidi huhusu spea, na hapa ukweli una pande mbili. Yadi ya magari mabovu ya mwaka 1980 ilikuwa duka la maskini. Magari ya misuli yalijengwa juu ya magari ya kawaida kabisa, kwa hiyo Chevelle ya milango minne iliyotumiwa na mzee kwenda kanisani ilikuwa na bampa, taa, boneti na mikono ya stelingi iliyoingia kwenye Chevelle ya mbio. Breki za diski za Dodge Dart ya 1973 na kuendelea zilifungwa kwenye Dart za zamani zenye breki za ngoma. Kulikuwa na kitabu maarufu kwa mafundi, cha Hollander, kilichoorodhesha spea ipi inaingia gari lipi. Mwenye spana, siku ya mapumziko na kitabu hicho aliweza kuchinja gari moja akaponya lingine.

Duka hilo limefungwa, na halitarudi. Yadi za sasa hupanga magari kwa muda mfupi, kisha hupeleka mabaki kwenye mashine ya kuponda, na magari yanayoingia leo ni ya miaka ya 2000.

Lakini kudai kwamba spea zote zimekuwa ghali ni kosa. Hali halisi inatofautiana sana:

- Vitu vya ndani ya injini, kama pistoni, beringi na gasketi, vipo tele kwa V8 ndogo ya Chevrolet. Injini hiyo ilianza 1955, na mwaka 2011 General Motors ilitangaza kwamba jamii yake imefikisha milioni 100. Hakuna atakayekosa spea yake katika maisha yetu.
- Mabati ya bodi ya Mustang na Camaro yanatengenezwa upya. Kampuni ya Dynacorn huuza hata bodi nzima mpya. Mwaka 1980 mwenye Camaro iliyooza alitafuta mabati mtaa kwa mtaa; leo anaagiza.
- Spea za magari ya AMC, au za Buick zilizotoka chache, zinabaki za kubahatisha.
- Spea asilia zenye tarehe na namba sahihi ndizo zilizopaa, mfano kabureta iliyogongwa muhuri wa mwezi uleule wa gari.

Hilo la mwisho ndilo linalohitaji maelezo. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa gari ambalo injini yake bado ina namba inayolingana na ya chesisi, ushahidi kwamba ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Kwa kuwa injini nyingi zilihamishwa enzi za bei ya kutupa, zile zilizobaki mahali pake zikawa adimu. Hemi ilikuwa nyongeza ya dola zisizofika 900 mwaka 1970. Leo kuwepo au kutokuwepo kwake huamua kama Plymouth 'Cuda, yaani Barracuda ya mbio, ni gari la kupendeza au ni mtaji wa ukoo. 'Cuda za Hemi za 1971 zenye paa la turubai hazikuzidi 12, na moja iliuzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 3.5. Bei ya namna hiyo inamlipa mkusanyaji kwa kitu ambacho mafundi wa 1976 walikivunja kila Jumamosi.

Gharama iliyopanda kuliko spea, kwa maoni yangu, ni ya mikono. Zamani mwenye gari ndiye aliyekuwa fundi. Leo akipeleka gari gereji kupigwa bati na rangi, saa za kazi humaliza bajeti kabla ya bolti ya kwanza kufungwa, na gari la kawaida likikarabatiwa kwa mafundi wa kulipwa huishia kugharimu zaidi ya thamani yake.

*Kwa ufupi: spea za kawaida zimekuwa rahisi kupatikana kuliko zamani. Kilichopanda ni uasilia na kazi ya mikono.*

Je, si serikali na walanguzi?

Wapo wanaoinyooshea kidole serikali. Mpango wa 2009 uliowalipa Wamarekani wasalimishe magari yanayokula mafuta ulizima karibu magari 700,000, na injini zake ziliuliwa kwa kemikali ili zisiuzwe kama spea. Lakini sharti lilikuwa gari liwe na umri chini ya miaka 25. Charger ya 1969 haikuruhusiwa hata kuingia mlangoni. Mpango uliogusa magari yetu kweli ulikuwa wa kampuni ya mafuta: mwaka 1990 Unocal ilinunua katika eneo la Los Angeles zaidi ya magari 8,000 yaliyotengenezwa kabla ya 1971, kwa dola 700 kila moja, yakapondwa ili kupunguza moshi. Mengi yalikuwa magari ya kawaida, yaani hazina ya spea. Naona huo ulikuwa msiba kwa mafundi wa mtaani. Hata hivyo angalia bei iliyowatosha wenye magari kuyasalimisha. Kama soko lingekuwa linatoa zaidi ya dola 700, yasingefika kwenye mashine.

Hoja ya walanguzi ni nzito zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mnada wa Barrett-Jackson wa Scottsdale, Arizona, ulianza kurushwa moja kwa moja kwenye televisheni, na mwenye gari bovu ghalani huko Nebraska akajifunza kutaja bei ya gari lililonyooshwa. Hilo lilivunja ununuzi wa mezani kati ya majirani, na sikatai. Ila ulanguzi peke yake hauwezi kushikilia bei kwa miongo. Bei ziliruka mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Zikaruka tena hadi 2007, zikaanguka fedha zilipokauka 2008. Kila mara zilirudi, kwa sababu chini ya walanguzi kulikuwa na wanunuzi wa kweli: kizazi kilichozaliwa kati ya 1946 na 1964. Aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1968, akiitazama Road Runner dirishani, alitimiza 50 mwaka 2001, watoto wamemaliza shule na nyumba imelipiwa. Mapenzi ya miaka 17 yalikuwa yamepata fedha za miaka 50, na magari yalikuwa yamebaki sehemu tu ya yaliyokuwepo.

Sehemu kubwa ya kizazi hicho sasa imepita miaka 70, na wanaokifuata wana magari yao ya utotoni. Filamu ya kwanza ya *The Fast and the Furious* ya 2001 ilionyesha Charger ya 1970 ikishindana na Toyota Supra. Mwaka 2021 Supra iliyotumika katika filamu hiyo iliuzwa kwa dola 550,000. Supra nazo zilikuwa na bonde lake, zikafungwa mabawa na kugongwa ukutani kama Charger zilivyofanywa kabla yake.

Unafuu, basi, bado upo Marekani, ila haupo mahali wanapoutafuta wenye kuulilia. Dodge Dart ya milango minne yenye injini ya silinda sita ina spea nyingi za chini zinazofanana na za ndugu yake wa mbio, gereji ya nyumbani inatosha kuitunza, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya huyo ndugu. Magari hayo yanachinjwa mpaka leo ili kutoa spea kwa yale ya milango miwili, kwa sababu hayana mtu wa kuyataka.